Mkono wa Kushoto wa Bi Verlene

Baada ya miaka thelathini na mitano kwenye piano ya Ukumbi wa Magnolia, hapa kwetu Wadi ya Tano, Houston, Bi Verlene Arceneaux anastaafu Jumamosi hii, tarehe 30 Mei 1981. Nimepewa heshima ya kumwandikia mimi wa dirisha la tiketi, labda kwa kuwa siku hizi nina furaha ya kugawia watu. Niliolewa Aprili na Harlan, mpiga besi wake, na tulipendana huku Bi Verlene akipiga. Nani asingependa mtu, na piano ile inalia?

Bi Verlene alijifunzia kanisani. Mama yake akiwepo, zilipigwa tenzi. Mama akienda kukoroga mchuzi wa gumbo, ilipigwa bugi-wugi, muziki wa dansi. Alipoanza kazi hapa, akina baba wa kaunta walidai mwanamke hana mkono wa kushoto, na katika bugi-wugi mkono huo ndio unaobeba ukumbi mzima, unazunguka kama magurudumu ya garimoshi huku ule wa kulia ukicheka na kuchokoza. “Dada, utachoka kabla kuku wetu hajaletwa!” walimtania. Alipiga mpaka mifupa ya kuku ikaondolewa mezani.

Mwaka 1956 rokenroli ilipopamba moto, Bwana Prejean, mwenye ukumbi, aliamua kuiondoa piano.

“Verlene, vijana wanataka magitaa. Piano haisikiki.”

“Nipe Jumamosi moja. Isiposikika, nitaisukuma nje mwenyewe.”

Hakuwa anajigamba bure. Ili piano ipenye kelele za ngoma na spika, alikuwa amechomeka pini kwenye zile nyundo ndogo za ndani zinazogonga nyaya, na kila noti ilitoka kali kama sarafu juu ya bati. Lakini asubuhi ya siku yenyewe, Bwana Teague, fundi wa piano aliyempenda kama binti yake, alipita kumsaidia kimyakimya. Akakaza nyaya, akaziona pini, akadhani ni utundu wa watoto, akazing'oa zote.

“Nimekusafishia, Bi Verlene,” alimwambia jioni, uso umejaa fahari. “Sasa inaimba kama malaika!”

Masikini, hakuna aliyekuja kusikiliza malaika. Wimbo wa kwanza ulimezwa na magitaa, na Bwana Prejean akaanza kutikisa kichwa. Bi Verlene alisimama, akaufungua ubao wa mbele wa piano, akaubandua kabisa, akamkabidhi mpiga ngoma, Lonzo.

“Shikilia huu. Na upunguze fujo, mwanangu, la sivyo nitakupiga nao.”

Piano ikabaki kifua wazi, nyundo zote nje, sauti ikitoka bila kizuizi. Hakukaa tena. Alipiga amesimama, kiuno kikiyumba, mkono wa kushoto ukinguruma hadi chupa zikagongana kwenye rafu. Magitaa yaliacha kushindana naye, yakaanza kumfuata. Watu waliinuka meza kwa meza, na Bwana Prejean akaonekana katikati ya sakafu amemkumbatia mkewe.

“Haya, haya!” alipaza sauti. “Gitaa moja linatosha!”

Piano ikabaki, na wanawake wakabaki kwenye piano. Bi Verlene amepiga kwenye sahani za santuri ambazo majalada yake yana picha za wanaume, na hilo halijamnyima usingizi. Wasichana aliowafundisha hapa mchana wa Jumatatu leo wanatikisa kumbi za Dallas, Memphis na Oakland. Mmoja wao, Renetta Fontenot, ndiye anayerithi nafasi yake hapa Magnolia.

Jumamosi Renetta atapiga wimbo wa kwanza. Kwa miaka yote hii Bi Verlene ametuchezesha sisi, hata akatuoza, lakini hajawahi kucheza hata wimbo mmoja kwenye sakafu hii. Angeuchezaje, na mpigaji ni yeye? Harlan ameshaomba kuwa wa kwanza kumshika mkono wacheze, na mkewe ameridhia kwa moyo mweupe.

Bi Verlene, asante kwa kila wimbo. Siku zako zijazo ziwe tamu na ndefu. Njoo na viatu vyepesi.