Sajini Kilua na Mche wa Sabuni

Kijiwe chetu kiko hapa stendi ya Same, benchi la mbao limeegemea ukuta wa ghala la mahindi, na kahawa ya tangawizi ni yangu mimi, Shangazi Veneranda. Nikicheka, wanasema hata abiria wa Lembeni wanageuza shingo. Mwaka ule wa tisini na tatu, ruksa ya biashara huria imeshika kasi, magazeti yalikuwa mengi kuliko wasomaji, ila lile moja tulilolipenda, lenye hadithi ya Sajini Kilua mkamata walanguzi, likafa ghafla, hadithi imekatikia patamu. Basi Blandina, binti ya kaka yangu, fundi cherehani wa baraza ya pili, akachukua daftari akaiendeleza mwenyewe. Sehemu nane tulizimeza. Daftari likishasomwa hapa linapanda gari kwenda Lembeni, linarudi na maneno ya watu pembeni ya kila ukurasa: Kilua oyee, hapa chumvi imezidi.

Siku hiyo Karani alitusomea ya tisa. Karani ni Nathanaeli, alikuwa karani shamba la mkonge mpaka wakampunguza. Msomaji ni yeye, maana mimi nina kisomo cha watu wazima cha mwaka mmoja tu, na huo mwaka nusu nilikuwa nauguza. Sajini anamtaka msichana mmoja, Tausi. Tausi anamwambia hapana, mara mbili, mbele ya watu. Sajini anapanga vijana wanne, wanamvizia njiani, wanambeba juujuu analia mpaka nyumbani kwa Sajini. Asubuhi anaitwa mke. Na Sajini hajutii, anakunywa uji.

Benchi likawaka.

— Huyo sio Kilua, Kilua ana pacha, akasema Injini. Injini ni Wilbard, fundi wa malori.

Karani akasema pacha kwenye gazeti hayumo. Yeye anaona walanguzi wa kule Ziwa Jipe walimlisha kitu kwenye samaki, ile haikuwa akili yake. Injini akageuka: basi alikuwa anamwokoa, walanguzi walishamlenga Tausi, Sajini akawahi.

— Ndio maana wazee wakasema, mtaka cha mvunguni sharti ainame.

Nikamuuliza mvunguni mwa nani, nikacheka mpaka birika likanicheza mkononi.

— Na kulia je? akauliza Karani.

— Bibi harusi hulia, akasema Injini. Zamani huku milimani asiyelia wanamshangaa. Mama yangu si alibebwa? Akazaa tisa. Mvumilivu hula mbivu.

— Mbivu alikula baba yako, nikamwambia.

Tukacheka wote, na yeye. Lakini Injini alikuwa amekasirika kweli, kama aliyetukaniwa ndugu. Akalishika daftari, akasema ukurasa huu hauendi Lembeni, unachanwa. Akapaza sauti kule barazani: Blandina aandike upya, Tausi akubali, yaishe.

Blandina hakuinua mguu kwenye cherehani.

— Mkiichana hiyo, chaneni na zile nane. Siandiki tena.

Mwisho wa benchi alikaa mama mmoja wa Maore, kapu la mchele miguuni, anasubiri gari. Akaomba arudiwe pale Tausi alipokamatwa, yeye alikuta wameshambeba. Hata mimi kipande hicho kilinipita, nilikuwa nyuma napuliza mkaa.

Karani akasoma. Ni mwaka wa shida, watu wanafulia majani ya mpapai. Shangazi yake Tausi anamwambia, sabuni imefika duka la ushirika, kimbia kabla haijaisha. Tausi anashika njia, anaimba.

— Samahanini, akasema yule mama. Huyo shangazi, alijua kama sabuni haipo?

Karani akafunua mbele, akafunua nyuma. Hilo halikuandikwa. Ikabidi Karani amuulize mtunzi.

— Sijui, akajibu Blandina. Mwaka wa kumi huu, sijamuuliza.

Wakaguna, wakasema mtunzi naye kajisahau, anaongea kama Tausi mwenyewe.

Mwaka ule wa shida Blandina alikuwa na miaka ishirini na mbili. Kweli aliimba, nilimsikia mpaka kwenye kona ya migomba. Duka la ushirika lilikuwa na majembe na utando wa buibui. Jioni ile wale vijana wakaniletea mche mmoja mzima wa sabuni, nikafulia mwezi na zaidi. Yule bwana aliyewatuma yuko Mererani siku hizi, hatumi hata salamu. Na sabuni sasa zimejaa kila kioski, rangi unayotaka.

Yule mama wa Maore akanyoosha kikombe. Nikainamisha birika, yakatoka mashapo. Nikaliweka chini, nikamwomba Karani kalamu na daftari. Wakadhani natania. Nikamwambia anionyeshe lilipo neno shangazi, nikaandika pembeni yake, herufi moja moja kama tulivyofundishwa kisomoni.

Injini akachungulia begani kwangu, akasoma kwa sauti, kama anavyosoma kila kitu:

— Alijua.

Kule barazani cherehani ikanyamaza.