Barua ya Bwana na Bibi

Kijiwe chetu hapa Hornsea ni benchi la mbao pembeni mwa maegesho ya maktaba, hatua nane kutoka dirisha la chai la Glenys. Mgongoni mwa benchi kuna kibao cha shaba chenye jina la mke wangu, Lorna, na miaka yake. Watu wengi hapa huwawekea wafu wao kibao cha namna hiyo, na mimi hukaa mbele ya kile cha kwetu. Kulia kwangu hukaa Fyuzi, fundi umeme mstaafu. Kushoto hukaa Kapteni, ambaye hajawahi kuongoza chombo chochote isipokuwa timu ya wazee wanaobingirisha matufe nyasini. Mimi wananiita Nukta, kwa sababu nilipima ardhi miaka thelathini na nane, nikiweka nukta kwenye ramani. Jumanne ile gari la benki lilikuwa limeegeshwa mbele yetu, kama linavyofanya kila baada ya wiki mbili tangu tawi letu lifungwe, na mfukoni nilikuwa na barua yao. Ilitaka wenye akaunti wote wawili, Bwana na Bibi Thirkell, wafike na vitambulisho kabla ya Ijumaa. La sivyo, akaunti ingefungwa. Lorna alifariki miezi kumi na tisa iliyopita. Benki sikuwaambia.

Wenzangu walikuwa na barua nyingine ya kugombania. Asubuhi hiyo mbunge Crispin Vaudrey alionekana kwenye televisheni akipunga ya kwake. Benki hiyohiyo ilikuwa imemfungia akaunti zake zote.

— Wamemziba mdomo tu, — alisema Kapteni. — Anasema sana yule. Wakubwa hawampendi.

— Acha hizo, — Fyuzi akajibu. — Akaunti ya matajiri ile aliyokuwa nayo. Hela zimepungua, wamemtoa nje. Basi.

— Na kwa nini wasimwambie hivyo?

— Wakwambie wewe uende ukapige kelele kwenye televisheni?

— Mimi nina nini cha kufungiwa, Fyuzi? Nina paundi mia mbili na viatu vya mazoezi.

Glenys alitoa kichwa dirishani. — Mkimaliza kuisimamia benki ya taifa, mnirudishie vikombe.

— Nisikilizeni, — Fyuzi akasema, akiinama mbele. — Hakuna mtu aliyeamua. Kuna mashine. Mwanangu wa Leeds aliniambia. Inakaa inatazama unanunua nini. Saa ngapi. Wapi.

— Ikitazama ununuzi wako itasinzia.

— Cheka. Mtu alikuwa ananunua maziwa painti mbili, ghafla moja. Mashine inajiuliza: kulikoni nyumba ile? Inaweka alama. Alama zikifika tatu, barua.

— Vaudrey hanywi maziwa, yule.

— Kapteni, inasikia hata birika lako! Mita mpya ya umeme unadhani inafanya kazi gani? Nimezifunga mwenyewe. Ukichemsha maji ya kikombe kimoja inajua ni kimoja.

Nilikunywa chai yangu. Kila Jumamosi nilikuwa nanunua mbegu za kulishia ndege kwa kadi ya Lorna, duka lilelile, kipimo kilekile, kama alivyofanya yeye. Sikuwahi kufikiri kwamba kuna anayetazama. Sasa nilifikiri.

— Wakishafunga, — niliuliza, — huwa wanafungua tena?

Wote wawili wakanigeukia. Kwa kawaida siulizi.

— Kwani na wewe, Nukta? — alisema Kapteni. — Umesema nini hadharani? Umetukana ndege?

Nikatoa barua. Fyuzi akavaa miwani, akaanza kuisoma kwa sauti, kisha sauti ikaisha katikati ya mstari wa kwanza.

— Nukta. Hii ni yenu wawili.

— Ndiyo.

— Hukuwaambia?

— Nilijaza fomu. Iko kwenye droo.

— Mzee wangu, — Kapteni akasema taratibu, — ni kosa hilo, au siyo kosa? Fyuzi, ni kosa?

— Sijui. Kadi yake je, iko wapi?

— Ninayo.

— Umeitumia?

— Kwa mbegu tu.

Fyuzi alivua miwani. Nilitaka kuwaeleza kwamba ni barua za benki pekee ambazo bado zinakuja kwa majina mawili. Daktari ameacha kuandika, maktaba imeacha. Kapteni aliichukua karatasi kwa Fyuzi, akanirudishia ikiwa imekunjwa vizuri kuliko nilivyoitoa.

Mlango wa gari la benki ukafunguliwa. Akashuka msichana mwenye beji ya benki, sura ngeni kwetu, akaja kuchukua chai. Beji ilisema Parveen.

— Ndiyo huyo, — Kapteni akanong'ona. — Usimwonyeshe.

— Mwonyeshe, — Fyuzi akasema. — Gari halirudi mpaka wiki mbili. Ijumaa itakuwa imepita.

— Dada, — Glenys aliita kutoka dirishani kabla hatujaafikiana, — hebu msaidie mzee huyu, ana barua yenu.

Parveen aliisoma akiwa amesimama mbele yangu, kikombe mkono mmoja. Akatabasamu, kama mtu aliyeogopa jambo kubwa akakuta dogo.

— Ah, hii rahisi, baba. Mnakuja wote wawili, nawaangalia sura, mnasaini, dakika tano. Nipo hapa hadi saa sita. Nenda kamlete mama. Yuko karibu?

Fyuzi alitazama viatu vyake. Glenys alifunga bomba la maji ya moto. Kapteni alisogea hadi mwisho wa benchi, akaniachia nafasi.

Nilisogea kushoto, kiasi cha upana wa mtu mmoja, ili akisome kibao kilichokuwa nyuma ya mgongo wangu.