Gari la Mama Mdogo na Mlima wa Hospitali

Bisha kama una ubavu: nimeziba paipu ya intakula mwenyewe, uani kwa mama mdogo, kwa kipande cha mpira wa baiskeli na waya. Shule niliikimbia mapema, lakini gari nalijua. Hilo la mama mdogo lilikuwa linapiga mluzi na kutapika moshi mweusi kila likiona kilima, na kesho asubuhi lazima limpandishe bibi hospitali, kule juu. Nilipomaliza nikaenda kijiweni kupokea sifa. Nikamkuta Wembe, kinyozi wetu, na Soli, fundi viatu, wanapuliza kahawa. Spika, asiye na kazi ila maneno, alikuwa keshaanza.

— Intakula ndiyo mdudu gani? akauliza Soli.

— Kipoza hewa, nikamwambia. Tabo, ile feni ya injini, inasukuma hewa ya moto, intakula inaipoza, paipu inaifikisha kwenye injini. Paipu ikipasuka, injini inakosa pumzi.

— Kumbe gari lina pumu, akasema Wembe.

— Pumu wapi, akadakia Spika. Hewa ikipoa inakuwa nzito. Ikiwa nzito inashukia kwenye matairi. Gari litapandaje?

— Na ule mluzi? nikamuuliza.

— Matairi yanalalamika.

Soli akatikisa kichwa.

— Ungetia gundi yangu. Kiatu nikikigundisha mimi, mguu unang'oka, soli inabaki.

— Wahenga walisema chanda chema huvikwa pete, akasema Spika. Huyu kakivika waya.

— Ulijuaje kama imeziba? akauliza Wembe.

— Nilipaka povu la sabuni, gari linanguruma palepale uani. Povu halikutikisika. Halafu nikalipeleka mlima wa hospitali. Kimya. Mluzi hakuna, moshi hakuna.

— Sabuni ya unga?

— Ya kipande.

— Basi umeharibu, akasema Spika. Paipu imekuwa utelezi. Sasa hewa inapita nje ikidhani iko ndani.

Hapo hata mimi nikapotea. Nilikunywa kahawa ya Wembe nikidhani yangu.

Mama mdogo akatokea, ufunguo mkononi.

— Shikamoo, mama mdogo.

— Marahaba, mwanangu. Nauliza moja tu. Kesho bibi yako nimpandishe na gari hili, au niite jingine?

Spika akainamia kikombe chake. Soli akaanza kukagua kiatu alichokivaa mwenyewe.

— Si umelipandisha mlima? akanigeukia Wembe. Mjibu mama.

— Ita jingine, mama mdogo.

— Kwa nini?

Kuna kipande nilikiruka, hata kwako wewe niliyekuambia ubishe. Waya ulifyatuka nusu ya mlima. Lori la mchanga ndilo lililonivuta kwa kamba hadi juu, nikafunga upya. Ule ukimya niliousifia, nilikuwa nateremka.