Historia ya Marlene Hrovat, Mtu wa Foleni

Ndugu waombolezaji, mimi ni Ardis, dada mkubwa wa marehemu, nimesimama hapa kwa niaba ya familia, na karatasi niliyokabidhiwa asubuhi na mdogo wangu Glenn iliyamaliza maisha yote ya Marlene nje ya kazi kwa maneno mawili, "alipenda kusafiri", kwa hiyo nimeikunja nikaitia mkobani, nitakayosoma ni yangu mwenyewe, na wewe Glenn, kaa chini.

Marlene Josephine Hrovat alizaliwa tarehe 9 Februari 1958 hapa Euclid, Ohio, akiwa mtoto wa tatu na wa mwisho wa marehemu Stanley na Josephine Hrovat, akabatizwa katika kanisa hili, akasoma shule ya parokia, akamaliza sekondari Juni 1976, na mwaka uliofuata akaanza kazi ya kuendesha basi la shule, kazi aliyoifanya hadi alipostaafu mwaka 2011, bila mtoto hata mmoja kuumia mikononi mwake.

Tarehe 21 Mei 1983 alifunga ndoa na Bwana Duane Lipold, ambaye yuko nasi leo, wakaenda fungate Sandusky, kwenye bustani ya burudani ya kando ya ziwa, Duane akatapika kwenye treni ya kwanza ya kupinduka angani, Marlene akarudi kwenye foleni peke yake, na ndipo zilipoanza hizo safari tunazozionea aibu. Hawakujaliwa watoto, wakaachana mwaka 1991 bila ugomvi.

Alikwenda Pennsylvania, Texas na Florida kupanda treni hizo, daima kiti cha mbele, mikono juu, na kila Oktoba alikwenda Columbus, kwenye ukumbi ambamo waigizaji wa zamani huketi nyuma ya meza wakisaini picha zao, watu wakipanga foleni tangu alfajiri, na sheria ya foleni ile ni moja, ukitoka kwenda msalani mwenzako anakulindia nafasi, na huko ndiko alikowapata Ruthann Biggs wa Toledo na Wes Tolliver wa Dayton, na ndiko alikozoeana na mzee Lyle Danforth, aliyewahi kuigiza msaidizi wa sherifu katika tamthilia ambayo wengi wenu mmeshaisahau.

Kwetu je? Kila Jumapili mezani kwa Glenn, mbele ya soseji na mkate wa kokwa za jozi, wimbo wa Glenn ulikuwa ule ule, "We Marlene, umri huo bado unapanga foleni kumwona mtu asiyejua hata jina lako? Hiyo hela si ungempa daktari akupime kichwa!" naye akijibu, "Cheka tu, kaka, foleni yako wewe si ipo, ya bia," nasi tunacheka, na hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kumuuliza huko anakokwenda anakutana na nani.

Sasa sikilizeni vizuri. Tarehe 16 Oktoba 2021 Marlene alifika mbele ya meza ya Lyle Danforth, na yule mtu asiyejua jina lake aliweka kalamu chini, akamshika mkono, akamwambia, "Marlene, macho yako yamekuwa ya njano. Usinitanie, kesho nenda hospitali." Jumapili iliyotangulia alikuwa ameketi nasi, uso kwa uso na kaka yake, tangu supu mpaka kahawa. Mwenye macho haambiwi tazama, na macho tulikuwa nayo, ila tulikuwa tunatazama mpira.

Ilikuwa saratani ya mirija ya nyongo, madaktari wakamfanyia upasuaji upesi, wakatuambia waziwazi kwamba angechelewa wiki chache tu wasingekuwa na la kufanya, kwa hiyo miaka miwili aliyoongezewa aliipata kwenye foleni, hakuipata kwenye familia. Ruthann na Wes walimpeleka kwenye dawa kwa zamu, na kule Columbus wakasimama kwenye foleni badala yake hadi zamu yake ilipokaribia, ndipo wakamsogeza na kiti chake cha magurudumu, wakati Glenn alifika hospitali siku moja akauliza malipo ya maegesho yanarudishwa dirisha gani, na mimi nilikuwa Arizona nikituma maua. Alifariki nyumbani kwake tarehe 3 Novemba 2023, Ruthann akiwa amemshika miguu kwa sababu alilalamika baridi.

Leo watu hao walifika kabla milango haijafunguliwa, wakapanga foleni kwenye mvua, na mke wa Glenn, Carol, akaamuru wapelekwe kwenye ukumbi ulio chini ya kanisa kutazama ibada kwenye televisheni, eti makoti yao yaliyojaa beji za treni na za waigizaji yataharibu picha, na jeneza wakapewa wapwa sita walibebe, wawili kati yao wameniuliza mlangoni, "Shangazi Marlene ndiye yupi, yule wa basi?"

Wes, najua unanisikia huko chini. Pandeni wote, makoti yenu mkiwa mmeyavaa. Padre, samahani, siendelei mpaka waingie.

Asanteni. Carol, simama. Glenn, na wewe. Aliyetangulia kufika ndiye anayekaa mbele, na nyie vijana, achieni hilo jeneza, lina wenyewe.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, majirani wa mtaa wake, madereva wenzake walioleta mabasi hapo nje, na mzee Danforth, ambaye jana alinipigia simu akilia, mtu ambaye ndugu wa damu tulimwita mgeni.

Pumzika, Marlene, kwa amani ambayo mezani kwetu hukuipata.