Mikono ya Zawadi Haijatakata

Pale Rahaleo pana benchi la mbao za paleti kuukuu kutoka bandarini. Wenyewe wanaliita Rufaa, kwa kuwa kesi yoyote iliyoamuliwa kwingine huletwa hapo ikaamuliwe upya, tena vibaya zaidi. Asubuhi hiyo mwenye kesi alikuwa Saidi, mpakizi wa bandarini, ambaye wenzake humwita Winchi. Bintiye Zawadi, wa darasa la nne, alikuwa na siku ya tatu nyumbani. Mwalimu wa afya alimkuta na vidole vyeusi kwenye ukaguzi wa usafi, akamwandikia daftarini: "Asirudi mpaka mikono itakate." Na mtihani wa darasa la nne ulikuwa wiki inayofuata. Saidi alikasirika hata kahawa ikawa haina ladha mdomoni.

— Eti uchafu! alifoka. Mtoto kashinda likizo nzima kwa bibi yake kule Mahurunga, anabangua korosho. Yale mafuta ya ganda yakishika kidole hayatoki mpaka ngozi yenyewe ibanduke. Hilo nalo la kufundishwa?

— Mwalimu Mathayo si wa huku, alisema Faraji muuza kahawa, akisuuza vikombe kwenye maji yale yale ya tangu alfajiri. Kwao ni ndizi.

— Na mtoto mwenyewe ndiye kiranja wa usafi! Tangu waanze hayo mafunzo ya kunawa, nyumbani hatupumui. Mimi baba yake sigusi ugali mpaka nisugue kwa sabuni, yeye anahesabu ishirini. Leo yeye ndiye mchafu?

— Mkono mtupu haulambwi, alisema Kontena kwa uchungu. Huyu ni Fredi, wakala wa mizigo. Ana methali kwa kila jambo, na hajawahi kuipata inayohusika.

— Sasa hiyo inaingiaje hapa?

— Inaingia. We tafakari tu.

— Umejaribu kumsafisha lakini? Faraji aliuliza.

— Nisijaribu! Sabuni ya mche, imegonga mwamba. Majivu, wapi. Jana nikachukua mchanga na mafuta ya taa, nikasugua mpaka damu ikachungulia. Weusi uko palepale.

Benchi zima likaguna. Mzee Nassoro akatua kikombe. Huyo ndiye Redio, mwenye habari zote kabla hazijatokea.

— Sikilizeni niwaambie. Huo ni mradi wa sabuni. Mwalimu akirudisha watoto kumi kwa siku, duka gani linauza?

— Lile mkabala na shule!

— La nani lile?

— La nani sijui. Lakini si liko mkabala?

Ushahidi ukapokelewa.

— Haba na haba hujaza kibaba, Kontena alisema, kisha akainama na kushusha sauti. Ila Redio umeona karibu. Hawa wanatafuta kangomba. Wale wanaonunua korosho kwa bakuli vichochoroni, wakaukwepa ushirika. Mtoto mwenye vidole vyeusi, kwao kuna korosho. Anaandikwa jina. Kesho gari liko mlangoni.

— Mwalimu ni mpelelezi?

— Umeshamwona anacheka?

Wakafikiri. Hakuna aliyewahi kumwona.

— Ninyi bado mko chini, alisema Redio, ambaye hakubali kupitwa. Watoto wote wakiogopa kuchafuka vidole, nani atabangua? Hakuna! Korosho itaondoka yote ghafi kwenye meli, ikabanguliwe huko ughaibuni, halafu tuuziwe kwenye vipakiti. Ukaguzi wa mikono, jamani! Mpango mkubwa huu.

Saidi, aliyepakia magunia hayo msimu baada ya msimu, alihisi damu ikimpanda. Kumbe ndiyo maana! Sasa hasira yake ilikuwa na ukubwa unaomstahili.

— Nasema hivi, alisimama. Mtoto hawezi kufukuzwa darasani kwa rangi ya kazi! Wasafi gani wao, wanaosoma kucha wasisome mtu?

— Tuandike barua!

— Kwa mkuu wa mkoa!

— Mkuu wa mkoa ni mdogo. Kwa waziri!

— Nani ana kalamu?

Mwishoni mwa benchi palikuwa na dereva wa lori kutoka Tunduru, anayengoja zamu ya kuingia bandarini. Alikuwa amekunywa vikombe viwili, akisikiliza.

— Samahani wazee wangu, alisema. Na huyo mwalimu alisemaje mlipomwambia kwamba ni korosho?

Redio akamtazama Kontena. Kontena akamtazama Saidi. Faraji akamimina kahawa kwenye kikombe kilichojaa, ikamwagikia benchini.

Ukuta wa shule ulikuwa unaonekana kutoka pale. Saidi aliutazama. Jana uani, mchanga ulipoanza kumchubua, Zawadi alimwambia, "Baba, si uende tu ukamwambie mwalimu?" Naye akamjibu kwamba hana muda wa kwenda kusimama mbele ya walimu kama mwanafunzi. Akambana kifundo cha mkono, akaendelea kusugua.