Mama Emilienne Faida na Blauzi Aliyoigeuza Mlangoni

Baba Padri, masista, walimu, wazazi wa shule, na ninyi mliotoka Kabambare na Nyangwe na matope ya njia yangali kwenye viatu: huyu tunayemsindikiza leo, Jumamosi tarehe 8 Machi 2025, ni Emilienne Faida, mama yetu na dada yetu, na sauti ya asubuhi ya mtaa huu. Kabla hajafa aliomba maisha yake yasomwe yote. "Musinipake mafuta," alisema. "Musipotaja ile ya blauzi, mutakuwa munazika mutu mwingine." Kwa hiyo tutaitaja, ingawa tunaona haya kuitaja mbele ya watu wengi hivi.

Alizaliwa tarehe 21 Novemba 1959, katika kijiji cha wakulima upande wa kusini wa Kabambare, akiwa mtoto wa tatu wa mzee Kimwanga na mama Agata. Mwaka 1968 mama yake alifariki kwa uzazi. Siku ile bibi yake alichukua gauni la Emilienne, akaligeuza, mishono ikawa nje, akamvalisha. Hiyo ni desturi ya ukoo wao. Mtoto aliyefiwa na mama huvaa nguo iliyogeuzwa mpaka siku ya kuondoa matanga, wala hamwelezi mtu. "Usiseme kitu," bibi alimwambia. "Atakayekuona ataelewa." Na kweli walielewa. Wanawake walimpisha mtoni achote maji kwanza, na waliompa ndizi hawakumwuliza neno. Matanga yalipokwisha, bibi alimwingiza ndani, akamvua gauni, akaligeuza upande wake na kumvalisha tena kwa mikono yake. "Sasa rudi kwa watu," alimwambia. Anayeigeuza lazima awe mwanamke mzima wa ukoo, na akishageuza amemaliza, nguo haigeuzwi tena. Habari hiyo Emilienne alitusimulia mara nyingi tukiwa jikoni, akitwanga sombe, yale majani ya muhogo. Hatuwezi kusema kwamba alikuwa ameisahau, wala kwamba hakuijua.

Baada ya hapo shangazi yake alimleta hapa Kasongo, akaingia shule ya masista, akamaliza darasa la sita mwaka 1974. Hakuendelea, kwa sababu shangazi alikuwa na watoto wadogo na mashamba. Lakini masista walikuwa wamempa kazi ya kupiga kengele, ile rimu ya lori iliyoning'inia karibu na darasa la kwanza, na wanaomkumbuka wanasema hata siku ya Jumapili mkono wake ulikuwa unatafuta nondo ya kuipigia.

Aliolewa na Jean-Baptiste Lubunga, mchonga mitumbwi wa Nyangwe, tarehe 12 Julai 1980. Siku ya harusi padri alikuwa mzee na mwenye haraka, akaruka pete. Kanisa zima lilisikia bibi arusi akisema kwa sauti ambayo yeye mwenyewe alidhani ni ya chini, "Baba Padri, bado pete." Watu walicheka mpaka wanakwaya wakapoteza wimbo. Jean-Baptiste alizoea kusema kwamba pale ndipo alipojua atakuwa na mke ambaye hatamwacha asahau kitu hata siku moja. Waliishi vizuri. Wakati wa vita walikimbilia kwao Nyangwe, wakarudi na kukuta nyumba haina mlango. Jean-Baptiste alifariki mwaka 2011, na Emilienne hakuolewa tena.

Kazi yake iliyojulikana ilikuwa mikate ya mafuta aliyoikaanga alfajiri na kuiuza mbele ya shule. Lakini kazi yake yenyewe ilikuwa kukumbusha. Wazazi walimchagua katika komite yao mwaka 1999, na parokia ikampa kipaza sauti cha mkono, cha betri. Tangu hapo hakuna aliyehitaji saa.

"Wazazi, kesho ni salongo, kazi ya usafi ya shule! Darasa ya tano na ya sita wakuje na panga, wadogo na fagio! Siyo fagio ya mama ya nyumbani, eh, mutarudi hapa kunilalamikia! Kucha zikatwe! Maji ya kunywa ichemuke! Mutoto asitumwe sokoni saa ya kengele, soko haikimbie!"

Mzee Djamali, mwenye duka ng'ambo ya barabara, ambaye watoto wake walisoma hapa ingawa yeye huswali msikitini, alimwambia asubuhi moja, "Mama Emilienne, mimi si mutu wa kanisa yenu. Lakini siku ya hukumu nikiulizwa nani alikuwa ananiamusha, nitakutaja wewe."

"Unitaje," Emilienne alimjibu, "lakini kwanza umukate mutoto wako Soraya kucha. Ameleta kucha za mwewe."

Basi ndivyo alivyokuwa. Alitaja majina mbele ya watu, alicheka, na watu walicheka pamoja naye. Sisi wa nyumbani tulijivuna. Tuliona kwamba mtu wetu ameshika mlango wa shule.

Jumatatu tarehe 12 Oktoba 2009, watoto walikuwa wanaingia kwa mstari, Emilienne amesimama penye mlango wa ua na kipaza sauti kikiwa begani. Akaja mtoto wa darasa la tatu, Naomie, aliyekuwa ameletwa karibuni kukaa kwa baba yake mdogo Sumaili, mwendesha pikipiki wa njia ya Kabambare. Blauzi yake nyeupe ilikuwa imegeuzwa. Mishono ilikuwa nje, mfuko ndani, na vifungo vilivutwa kwa taabu kutoka upande usio wake.

"Wee mutoto!" Emilienne alisema ndani ya kipaza sauti. "Nani alikuvalisha? Mbuzi?"

Mstari wote ulicheka, na wazazi waliokuwa barabarani walicheka. Mtoto hakusema kitu. Emilienne alipiga magoti, akafungua vile vifungo, akamvua, akaigeuza blauzi, akaikung'uta na kumvalisha tena. Naomie alisimama ameinua mikono, kama mtoto anayeogeshwa, akiangalia juu ya kichwa cha Emilienne. Hakulia. Emilienne alimpiga kofi dogo la upendo mgongoni.

"Haya. Sasa uko mutu."

Akaendelea na wengine, akauza mikate, akarudi nyumbani. Saa sita alianika nguo. Mashati ya mume wake alikuwa anayageuza kwanza, ili jua lisiyapaushe rangi. Carine, binti yake, alikuwa karibu, na ndiye aliyetuambia. Aliliona lile shati likikaa mikononi mwa mama yake, mishono nje, na mikono haisogei.

"Mama, iko nini?"

"Yule mutoto amefiwa," Emilienne alisema. Halafu akasema tena, polepole zaidi, "Amefiwa na mama yake. Na mimi nimemuondolea matanga."

Jioni hiyo alikwenda kwa Sumaili. Walimpa kiti, naye akaketi chini, kwenye udongo.

"Umekuja juu ya blauzi," Sumaili alisema.

"Juu ya blauzi."

"Mama yake alikufa kule Lusangi, juma iliyopita. Alikuwa anaosha muchanga wa zahabu, udongo ukamwangukia." Sumaili alikuwa anafuta mnyororo wa pikipiki kwa kitambaa, wala hakumwangalia. "Mimi sikugeuza nguo. Kaka yangu, baba ya mutoto, naye iko kule. Hapa Kasongo pote, aliyekuwa anamubebea yule mama matanga ni huyu mutoto mumoja tu. Alijivalisha mwenyewe. Hakuna mutu aliyemwambia."

"Sumaili, ndugu yangu, unisamehe."

"Wengine wakicheka, hawajui, hii si desturi yao. Lakini wewe ni mutu wa kwetu, mama, wa ukoo wetu. Wewe unajua. Na ni mukono wa mama wa kwetu uliomaliza matanga ya mama yake, mbele ya watu, na kicheko."

Emilienne aliomba kumwona mtoto. Sumaili aliita. Kutoka nyuma ya pazia ilisikika sauti ndogo, yenye adabu kabisa: "Mumwambie nimelala."

Jua lilikuwa halijazama. Emilienne aliinuka, akarudi nyumbani. Kipaza sauti alikirudisha parokiani kesho yake, na padri alipomwuliza kama betri zimekwisha, alisema ndiyo, na hata uongo huo ulimwumiza.

Watu wengi walidhani sauti yake ilikuwa imekufa, wengine walisema amepata kiburi. Ukweli ni kwamba hakuacha kukumbusha hata siku moja. Alibadili namna tu. Akimwona mtoto mchafu, au bila viatu, au nywele zimesimama, alimsogelea na kuuliza kwanza, "Kwenu mumeamukaje?" Akasubiri jibu. Wakati mwingine jibu lilikuwa kwamba baba amelala hospitalini, au nyumba imeingia maji, au mama amekwenda Lusangi hajarudi. Mara nyingi lilikuwa kwamba sabuni imekwisha tu. Halafu ndipo aliposema habari ya kucha, kwa sauti ya watu wawili. Wazazi walimtania. "Mama Emilienne, siku hizi unaungamisha?" Leo walimu wote wa shule hii wanauliza vile mlangoni, hata wale vijana ambao hawajui swali hilo lilitoka wapi. Sasa mnajua. Lilitoka kwenye aibu.

Naye Naomie alikaa juma zima bila kuja shuleni. Aliporudi, hakupita tena mlango ule. Alizunguka upande wa masista, kwenye tope, akaingia kwa nyuma. Emilienne alimwona kila asubuhi kwa mbali na kumwita bila kupaza, "Naomie, kwenu mumeamukaje?" Hakujibiwa. Alimaliza darasa la sita, akafaulu mtihani wa taifa, akaenda Kabambare kwa baba yake, na hakujibu. Miaka ikapita, akaolewa kule, akawa anauza sukari na sabuni sokoni. Kila Sumaili alipokwenda kule na pikipiki, Emilienne alimpa salamu ileile. Kila Sumaili aliporudi, alivua kofia na kusema, "Nimefikisha. Amesikia." Hakuna zaidi. Emilienne hakulalamika kamwe. Alisema mtoto hana deni la kumjibu. Lakini tulimwona namna alivyosimama barabarani kila aliposikia pikipiki ile inarudi.

Ugonjwa wa sukari ulimshika mwaka 2021. Kidonda cha mguu kilikataa kupona, na mwezi wa Desemba uliopita alilazwa. Waganga wa hospitali na masista walimhudumia kwa moyo, tunawashukuru. Alipoona hatapona aliomba arudishwe nyumbani, akalazwa karibu na dirisha linalotazama shule. Bado alikuwa anakumbusha. Alimwambia mjukuu wake Glody, "Umefunga kiatu vibaya," halafu akajirudi, "Hapana, ngoja. Kwanza niambie, umeamukaje?" Juma lake la mwisho, Sumaili alipokuja kuaga, Emilienne hakumpa ile salamu. Alisema, "Usimuulize tena, Sumaili. Nimemusumbua. Umwambie tu kwamba naondoka." Alifariki Alhamisi tarehe 6 Machi 2025, saa nne asubuhi, watoto wakiwa nje katika mapumziko na kelele zao zikiingia dirishani.

Jana alasiri, mvua ikinyesha, pikipiki ya Sumaili iliingia hapa matangani. Nyuma yake alikuwa amekaa mwanamke kijana, maji yanamtiririka, ameshika furushi. Vijana wetu waliokuwa chini ya turubai walimwona anashuka, wakaona blauzi yake, mishono nje, na mmoja akasema, "Huyu naye alivaa akikimbia?" na wenzake wakacheka. Ni vijana wa nyumba hii hii, waliokua wakisikia habari ya Naomie. Hatuna pa kuweka uso.

Carine alitoka kumpokea, naye hakuwa amemtambua. Alifungua mdomo. "Dada, blauzi yako ime..." Halafu akashika mlango.

"Najua," Naomie alisema.

Aliingia, akaketi chini karibu na kichwa cha marehemu. Wanawake waliokuwa wanaimba walishusha sauti. Ndipo wakamsikia akisema, kwa ile sauti yenye adabu, "Tumeamuka salama, mama. Kwetu wote tumeamuka salama."

Emilienne hakuyasikia maneno hayo hapa duniani, na hilo linatuuma. Lakini tuliomo hapa tumeyasikia, na Naomie ndiye yule aliyeketi mbele pamoja na watoto wa marehemu. Msimwulize kitu.

Marehemu ameacha watoto watatu wa tumbo lake, Gaston, Carine na Magloire, wakwe zao, na wajukuu wakiwamo Glody na Laetitia. Ameacha ndugu zake wa Kabambare, mashemeji wa Nyangwe, jirani yake mzee Djamali aliyefunga duka leo, na shule nzima. Ameacha pia mtoto mmoja aliyemvalia nguo iliyogeuzwa. Siku ya kuondoa matanga, Carine ndiye atakayeigeuza blauzi ile, kwa kuwa sasa ndiye mwanamke mzima wa nyumba hii. Ataigeuza ndani, polepole, mlango umefungwa, siku zikiwa zimetimia, na hakuna atakayecheka.

Emilienne, pumzika. Kengele ya Jumatatu wengine wataipiga, na mlangoni tutauliza kwanza. Bwana akupokee kwa amani yake, upande wako ulio wa kweli.