Jipu la Bwana Harusi

Ndani ya basi la Kanpur, Sarla alijifanya anatazama dirishani, lakini masikio yote yalikuwa kiti cha mbele. Hapo mama mmoja alikuwa amepakata boksi la maua ya harusi, pini ya nywele mkononi. Mwanawe Lokesh, anayeoa kesho, alikuwa amefunika pua kwa kiganja.

"Toa mkono nikitumbue. Kijipu tu hicho."

"Usithubutu, dada," alidakia abiria wa pembeni. "Jipu la puani halikamuliwi. Shemeji yangu alikamua lake, sumu ikapanda, jicho likavimba mpaka akalazwa. Huyu hana homa?"

"Anayo. Ya harusi."

Sarla aling'ata ncha ya sari asicheke.

"Kesho si atavaa maua ya kufunika uso? Nani ataliona?" aliuliza yule abiria.

"Yatafunuliwa wapige picha."

"Basi waache wampige picha na jipu lenyewe. Ukikamua, dada, maua hayo utaivisha picha yake ya marehemu ukutani, uiwashie na udi."

 Basi liliposimama mbele ya hospitali, Lokesh aliruka wa kwanza. Mama akamfuata, boksi mkono huu, pini mkono ule, bado anabisha.